Mierebi ya Aris na Upepo wa Kinu

Schermer, Jumapili, 14 Juni 1998

Mpendwa mwanangu Guurtje,

Barua hii ikukute na afya njema na miguu mikavu, maana najua huko kwenu sasa ni baridi na matope, na ng'ombe hawajali daktari wao amevaa nini. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto hulalamika ninapopanda ngazi na hulalamika tena ninaposhuka, kwa hiyo nimeacha kulisikiliza. Aafje, mpangaji wako, amejifungua mtoto wa kike. Niliitwa kula biskuti zenye punje za sukari za rangi ya waridi, nikampongeza mama, baba, bibi, mashangazi wawili na mpeleka barua aliyekuwa amesimama mlangoni kwa bahati tu.

Wageni wangu wa matembezi wameanza kuja. Bado nafanya vilevile: wageni wasiozidi wanne, gari langu, siku nzima, asubuhi mjini Alkmaar, mchana kwenye vinu. Juzi nilikuwa na mume na mke kutoka Kanada. Walinishukuru sana kwa maelezo, kisha wakalala garini nikiwa katikati ya karne ya kumi na saba. Sikuwaamsha. Niliimalizia karne hiyo kwa sauti ya chini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bodi ya kinu imekaa kikao, na mwenyekiti Duijn akaja mwenyewe kunipa habari. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa kwa biskuti moja, nikajua hana habari njema. Kinu chetu, Kwikstaart, hakijazunguka ipasavyo tangu mwaka juzi. Kinu kisichozunguka huoza: mbao hunywa maji, wadudu huingia, matanga ya kwenye mbawa huota ukungu. Hayo hawakuhitaji kunifundisha. Wameamua kwamba kabla mwaka huu haujaisha, kinu kizunguke saa nzima kwa upepo wake, kikivuta maji, Duijn akitazama. Kikishindwa, mbawa zitafungwa minyororo. Na kwa kuwa vyumba vya ndani ya kinu hupewa mtunza kinu, na kinu kilichofungwa hakina haja ya mtunzaji, mimi nitahamia mjini, ghorofa ya nne, kwenye jengo lenye lifti. Duijn alilitaja neno lifti mara tatu, kama mtu anayemtajia mtoto pipi.

Akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini hakizunguki?"

Nikamwambia, "Upepo si kama wa zamani."

Akanitazama. Nami nikamtazama.

Miti ya baba yako, ile mierebi, ipo kandokando ya mtaro nyuma ya nyumba yako, yote kumi na mmoja. Hakuna aliyeigusa. Unarudi lini?

Baba yako mkubwa,
Sijmen Beets


Winton, New Zealand, 9 Julai 1998

Shikamoo baba mkubwa,

Nimechelewa kujibu, na sababu ni ng'ombe. Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia umechoka, na ukijua kazi ya daktari wa ng'ombe msimu wa kuzaa hutaniuliza mkono huo ulikuwa wapi. Nampongeza Aafje. Nakupongeza wewe pia kwa mtoto wa Aafje, nampongeza paka, na nampongeza mpeleka barua.

Habari ya kinu imenikosesha usingizi. Huwezi kukaa ghorofa ya nne. Utamweleza nani mambo? Lifti? Lakini baba mkubwa, tangu lini umekuwa mwanasiasa? Wewe ndiye uliyetufundisha darasani kwamba upepo wa kusini-magharibi ndio mfanyakazi mkuu wa nchi yetu, asiyechukua likizo. Leo unamwambia Duijn upepo si kama wa zamani? Wewe ambaye ulimwambia mtu huyohuyo, mbele ya mkewe, kwamba masharubu yake yanamfanya afanane na brashi ya choo?

Nina ombi. Mwezi wa tisa atapita huko mama mmoja anaitwa Moira Calder. Ni mama wa rafiki yangu wa kazini. Yuko peke yake, anazunguka Ulaya, na nimemwambia hawezi kuondoka Uholanzi bila siku moja na wewe. Mpe siku nzima, mji na vinu. Ni mtu wa shamba, hachoki kutembea na hachoki kuuliza. Usimchokonoe sana kwa maswali yako.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mwanao,
Guurtje


Schermer, 2 Agosti 1998

Guurtje,

Huyo mama nimempangia Ijumaa, tarehe kumi na nane, siku ya soko la jibini. Ananikuta stesheni saa tatu asubuhi.

Swali langu la unarudi lini hukulijibu.

Halafu, rafiki gani wa kazini?

Sijmen


Schermer, Jumapili, 20 Septemba 1998

Mpendwa Guurtje,

Salamu kutoka kwa watu wote wa huku, hata Duijn, ambaye masharubu ameyanyoa. Mtoto wa Aafje amekwisha kunenepa. Mvua imenyesha mwezi huu kama anga limesahau kufunga mfereji wake. Mitaro imejaa, na mashine ya dizeli inavuta maji usiku na mchana huku kinu changu kikiitazama kazi yake ikifanywa na mwingine.

Mama Calder alikuja. Nitakueleza siku hiyo kwa utaratibu.

Alishuka kwenye treni amevaa kofia pana ya majani na buti za shambani. Nikamwambia, "Mama, buti hizo ni mbaya sana, lakini zitafaa." Akacheka, akasema, "Guurtje alinionya." Nikaona tutaelewana.

Sokoni tulisimama mbele. Wapagazi wa jibini walipita mbio kwa hatua zao zile za kuyumba, wawili wawili, machela yakining'inia begani, na mama akaanza kuwasahihisha! "Yule wa nyuma anakanyaga vibaya," akasema, "kesho mgongo utamuuma." Kisha muuzaji na mnunuzi wakaanza kupigana viganja, wakipaziana bei, pa, pa, pa, mpaka wakakubaliana.

"Karatasi wataandika saa ngapi?" akauliza.

"Karatasi ya nini? Wameshapeana mkono."

"Na mmoja akijuta?"

"Atajuta nyumbani kwake. Mkono ukishatolewa umetolewa."

"Hata kama alikosea?"

"Mama Calder," nikamwambia, "nchi hii yote iko chini ya bahari. Ukuta unaozuia maji umejengwa na watu waliopeana mkono kwamba kila mmoja atatengeneza kipande chake. Hebu fikiria mmoja aseme alikosea."

Akasema, "Mna maisha magumu." Nikamjibu kwamba ni makavu, na hilo linatutosha.

Tulipanda mashua ya mifereji. Kwenye daraja lile la chini kabisa nahodha alipiga kelele, "Inameni!" Wote tukalala karibu na sakafu, isipokuwa bwana mmoja aliyekuwa akipiga picha, sasa ana picha nzuri sana ya jiwe. Kwenye kibanda cha samaki nilimwonyesha namna ya kumshika mkia yule samaki mbichi, kuinua kichwa na kumshusha na vitunguu vyake. Akamla wote. Akasema ladha yake ni kama kulambwa na bahari, akaomba wa pili.

Mchana tukaja huku. Tulipanda juu ya tuta apate kuona mashamba yalivyo chini na maji yalivyo juu. Watu wengi hukataa kuamini macho yao hapo. Yeye alichuchumaa, akachukua udongo, akaunusa, akasema, "Nyasi hapa zinaota vizuri." Aliposimama, upepo ukaichukua kofia yake. Iliruka mtaro, ikaruka ng'ombe, ikatua shambani kwa jirani. Ilibidi nizunguke na baiskeli kuifuata.

Tukaingia kinuni. Nikampandisha ngazi zote, nikamwonyesha gurudumu kubwa, breki, na ile skrubu kubwa inayozunguka na kupandisha maji. Nikamwonyesha namna ya kukigeuza kichwa cha kinu kielekee upepo. Nilitandaza matanga yote manne kwenye mbawa. Nikaachia breki.

Mbawa zilitikisika, zikasogea robo mzunguko, zikasimama.

"Bwana Sijmen," akasema, "mbona hakiendi?"

"Upepo leo ni mvivu."

Mama akaitazama kofia yake, ambayo alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Kwa hiyo nikampeleka kula chapati za maji zenye nyama ya nguruwe na asali nyeusi.

Wakati wa kula tulizungumza mengi. Alinieleza jambo moja ambalo nadhani ulitaka kunieleza mwenyewe. Basi mimi sijalisikia. Nangoja barua yako.

Ni mama mzuri. Alipoondoka alinipa mkono mgumu kama ubao.

Sijmen


Winton, 11 Oktoba 1998

Shikamoo baba mkubwa,

Barua hii nimeianza mara nne. Ng'ombe hawajambo, mimi sijambo, mvua ipo. Haya, salamu zimekwisha.

Rafiki wa kazini anaitwa Callum. Si rafiki wa kazini tu. Tunafunga ndoa mwezi wa pili. Mama Moira ni mama mkwe wangu mtarajiwa, na ulipokuwa unamsimulia karne zako yeye alikuwa anakupima, kwa sababu nilimwambia wewe ndiye niliyebaki naye upande wa baba. Nisamehe kwa kukutumia mgeni aliyefungwa kama zawadi bila kukuambia kilichomo.

Na jambo la pili ndilo lililonifunga mkono. Kila barua unauliza narudi lini. Baba mkubwa, sirudi kukaa. Shamba la kina Callum liko hapa, kazi yangu iko hapa, na nimepapenda. Kila nilipotaka kuandika hivyo nilikuona umekaa peke yako kwenye dirisha la kinu, nikaandika habari za ng'ombe.

Sasa zamu yako. Jumapili iliyopita Moira alikuja kula kwetu. Nikamuuliza, "Umemwonaje baba yangu mkubwa?" Akasema, "Nimempenda. Anadanganya kwa adabu sana."

"Anadanganya? Baba mkubwa? Huyo hata kwenye mazishi husema ukweli!"

"Aliniambia upepo ni mvivu, na kofia yangu ilikuwa imeruka juu ya ng'ombe. Guurtje, mimi nimekaa na upepo maisha yangu yote. Kinu kile kimezibwa. Kusini-magharibi yake kuna nyumba, na nyuma ya nyumba kuna ukuta wa miti mirefu kama mnara wa kanisa. Nilimuuliza nyumba ni ya nani. Akaniuliza kama nataka chapati."

Nyumba hiyo ni yangu. Miti hiyo ni mierebi ya baba. Lakini baba alikuwa akiikata matawi yote mpaka kwenye kichwa cha shina kila baada ya miaka mitatu au minne. Nakumbuka nikikokota matawi kwenye barafu. Haikuwahi kupita paa. Imekuwaje ikawa kama mnara? Kwa nini hakuna aliyeikata? Na kwa nini, katika barua zote hizi, wewe unayemwambia kila mtu kila kitu hukuniambia mimi hili?

Nijibu bila kunizungusha.

Guurtje


Schermer, Jumapili, 1 Novemba 1998

Mpendwa mwanangu Guurtje,

Hongera! Hongera kwako, kwa Callum, kwa Mama Calder, na hongera kwangu mimi. Nilimwambia Aafje, akanikatia kipande cha keki, nikakila chote kwa ajili yako. Nimefurahi kweli. Mtu anayeolewa kwenye ukoo wa mwanamke anayenusa udongo kabla ya kuusifia hatapotea.

Umeniomba nisikuzungushe. Kumbuka siku tuliyomzika baba yako Aris, miaka tisa iliyopita. Tulikuwa kwenye ukumbi, tumekwisha kunywa kahawa, keki zimebaki vipande vya pembeni. Ulinishika mkono dirishani, ukitazama mierebi. Ukasema, "Baba mkubwa, mtu yeyote asiiguse miti ya baba mpaka nirudi." Nikasema, "Sawa." Ukanipa mkono, nikaupokea.

Basi. Mpaka hapo hakuna siri.

Mwaka wa tatu mume wa Aafje alikuja na msumeno, akasema matawi yamezidi. Nikamwambia kuna makubaliano. Akarudisha msumeno. Mwaka wa sita kinu kilianza kukosa pumzi wakati wa kusini-magharibi, na wewe unajua kwamba upepo huo kwetu ndio mkate, zile nyingine ni siagi. Mwaka juzi kikasimama. Duijn si mjinga, aliona. Akaniambia, "Mwandikie mtoto, mwombe."

Nikamwambia, "Siwezi. Mtu hamwombi mwenzake amfungulie ahadi kwa sababu tu imemwelemea."

"Mwalimu, wewe ni mbishi."

"Mimi ni mtu niliyetoa mkono."

"Nitamwandikia mimi."

"Ukimwandikia, nitahamia hiyo lifti yako kesho."

Ndiyo maana hakukuandikia. Na mimi nilikuuliza tu kila mara unarudi lini, maana siku ukirudi makubaliano yangekwisha yenyewe, bila mtu kuomba chochote. Nilidhani nina werevu. Sasa unaniambia hurudi, na nakwambia kwa moyo mweupe: usirudi kwa ajili ya miti. Ila makubaliano yenyewe yamebaki bila mwisho, na mwaka umebakiza miezi miwili.

Kuna jingine, na hili kama mwalimu lazima nikueleze. Mwerebi uliokatwa kichwa mara moja hauwezi kuachwa. Matawi yake hukua mazito yote mahali pamoja, na shina hushindwa kuyabeba. Katika dhoruba ya Jumatano iliyopita mmoja umepasuka katikati, wa tano kuhesabu kutoka darajani. Niliusikia kutoka kitandani.

Sikuombi kitu. Umeuliza, nimejibu.

Sijmen


Faksi kwa duka la baiskeli la Bwana Duijn, Alkmaar. Apewe Sijmen Beets, kinuni.
11 Novemba 1998

KATA. KATA YOTE. KATA LEO.

NILIKUWA NALIA! SIKU ILE NILISEMA PIA SITAKULA TENA JIBINI. HILO MBONA HUKULILINDA?

BARUA INAFUATA. GUURTJE


Winton, 11 Novemba 1998

Shikamoo baba mkubwa,

Nimekutumia faksi kwa sababu nilitaka kupiga kelele, na kalamu haipigi kelele. Najua Duijn ataisoma na kuwasomea wateja. Na aisome.

Naapa sikumbuki kusema maneno hayo. Nakumbuka dirisha, nakumbuka mkono wako, maneno sikumbuki. Miaka tisa umekaa ndani ya kinu kinachokosa pumzi, ukilinda sentensi ya msichana aliyekuwa na kamasi puani. Callum nilipomsimulia akasema, "Ndivyo walivyo watu wako wote?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nami nikitoa ahadi siku ya harusi nifikirie kwanza."

Naomba unielewe. Nisingependa miti ile ife. Nikiwaza nyumbani, ninachokiona si kinu wala mji. Namwona baba juu ya ngazi, na vile vichwa vya mierebi vilivyonyolewa, vimejipanga kama wazee kwenye benchi. Hiyo ndiyo miti ya baba. Kuiacha ipasuke ndiko kuigusa vibaya kuliko msumeno.

Lakini nakujua. Utasema mkono ulitolewa kwa mkono, na faksi haina mkono. Kwa hiyo nimempigia Aafje simu, saa za usiku kwake, amenisamehe. Yeye anakaa ndani ya nyumba yangu, anafaa. Atakuja kwako, atakupa mkono wa kulia kwa niaba yangu, na atasema: makubaliano yamekwisha. Umpe wako. Usimpe hotuba, ana mtoto mchanga.

Guurtje


Schermer, Jumapili, 6 Desemba 1998

Mpendwa Guurtje,

Sote wazima. Jana ilikuwa jioni yetu ya zawadi ya kila Desemba, na Duijn aliniletea herufi ya jina langu, S, ya chokoleti. Nimeila kutoka mkiani.

Aafje alikuja. Mtoto alimbeba mkono wa kushoto, wa kulia akaunyosha kama askari. "Makubaliano yamekwisha," akasema. Nikaupokea. Nilitaka kueleza kidogo maana ya tendo lile, akasema, "Mwalimu, Guurtje amenikataza nisikusikilize," akaondoka. Nilibaki mlangoni muda. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, sikujua niuweke wapi.

Jumamosi iliyofuata ilipotangazwa kwamba mierebi ya Aris inakatwa, walikuja watu ambao sikuwaita. Wakaja na misumeno, ngazi, kamba, na kila mmoja na maoni yake. Duijn mwenyewe alipanda juu.

"Mwenyekiti, utaanguka!" nikampigia kelele.

"Nikianguka nitakuangukia wewe, uliyenichelewesha miaka yote hii!"

Mume wa Aafje akasema, "Mwangukie polepole, ndiye mwenye supu."

Supu ilikuwepo, ya njegere, nzito kiasi cha kijiko kusimama, na soseji na mkate mweusi. Tulikata mpaka giza. Chini ya matawi yale tulivikuta vichwa vya zamani, na alama za msumeno wa baba yako zimefunikwa na gome, bado zinaonekana. Kumi ni mizima. Ule uliopasuka tuliung'oa, na mahali pake mume wa Aafje alichomeka tawi moja nene ardhini, akalikanyagia udongo kwa kisigino. Mwerebi hautaki zaidi ya hapo.

Sasa kutoka dirishani naona mbali mpaka mnara wa kanisa la kijiji cha pili. Nilikuwa nimesahau kwamba kina mnara.

Na sasa nikuambie kilichotokea. Tangu siku ile hakuna upepo. Hata kidogo. Ukungu umekaa juu ya mashamba kama paka juu ya kiti, maji ya mtaro yametulia kama kioo. Duijn huja kila asubuhi na saa yake, hunywa kahawa, hutazama mbawa, huenda. Jana alisema, "Labda upepo kweli si kama wa zamani." Nilimfukuza.

Sijmen


Winton, 17 Desemba 1998

Baba mkubwa,

Hapa upepo umeezua banda la kuku. Nimesimama uani nimeulaani kwa Kiholanzi, nikauambia wanaoutaka wako wapi.

Mpaka kinu kizunguke sitalala. Mwambie Duijn akuongezee siku. Mwambie ni mimi niliyeuzuia upepo, si wewe.

Ndoa ni tarehe ishirini Februari, hapa shambani. Angekuwepo baba, yeye ndiye angetembea nami mpaka mbele, anikabidhi kwa Callum. Nakuomba wewe. Moira ameshakutengea chumba, cha chini, bila ngazi. Najua utasema mtunza kinu haachi kinu. Nakuomba hivyohivyo.

Guurtje


Kinuni, Jumanne, 29 Desemba 1998

Guurtje mwanangu,

Samahani kwa mwandiko, meza inatetemeka. Inatetemeka!

Barua yako ilifika jana mchana, na jana jioni ukungu ukaanza kusogea. Leo alfajiri niliamka kwa sauti ya kamba ikigonga ubao, nikatoka na pajama na koti. Kusini-magharibi. Unakuja moja kwa moja juu ya vile vichwa kumi, haugongi kitu. Nilitaka kwanza kumpigia simu Duijn, kumbe yuko getini tayari, na koti juu ya pajama yake.

Nikatandaza matanga mawili tu, sikuthubutu zaidi. Nikageuza kichwa cha kinu. Duijn akatoa saa yake. Nikaachia breki.

Ubawa wa kwanza ulipita mlangoni, kisha wa pili. Wa tatu sikuuona vizuri kwa sababu macho yalikuwa na maji, ya upepo bila shaka. Skrubu ikakohoa, ikatema majani na tope la miaka miwili, halafu maji yakaanza kupanda, meupe, yakimwagika juu mferejini. Aafje alikuja mbio na mtoto. Mtoto akazipigia mbawa kelele kila ziliporudi, kama mtu anayesalimiwa na mgeni yuleyule tena na tena.

Saa ilipotimia Duijn alifunga saa yake. Akasema, "Mwalimu, imetosha." Hakuondoka. Amekaa hapa jikoni kwangu mpaka sasa, anakula biskuti ya tatu, na sijamwambia kitu.

Nimemsomea barua yako. Akaniuliza, "Mtu mwenye akili anakaa na kinu, mtoto wake akiolewa?" Nikamwambia kinu kinachozunguka hakiachwi. Akaniambia alipata cheti cha utunzaji wa kinu kabla yangu, na kwamba Februari yote yeye na mume wa Aafje watalala hapa kwa zamu. Akanyosha mkono wake juu ya meza.

Nimeupokea.

Hapa ingefaa nikueleze kwa nini maji huwa meupe yanapopanda, na jinsi kasi ya mbawa inavyopimwa kwa sikio, na baba yako alivyokuwa akisema kuhusu upepo wa mwisho wa mwaka. Lakini upepo unazidi, nausikia kwenye mhimili wa mbawa, na Duijn amesimama mlangoni ananiita, "Sijmen! Matanga!" Lazima nitoke niyapunguze kabla hayajachanika.

Yaliyobaki nitakueleza tukitembea kwenda mbele.